Mivukuto Nyuma ya Ukuta: Miaka Yangu na Kinanda cha Mabomba Lindi

Siku ya kuniaga, vijana wa kwaya waliniomba niwaachie orodha ya vipande vyote nilivyopiga katika maonesho yangu ya kinanda. Niliwakubalia, kisha nikakaa nyumbani na kalamu mkononi nikaona kwamba orodha peke yake itawapotosha. Mtu akiisoma atadhani nilikuwa na mpango. Ukweli ni kwamba vipande vingine nilivichagua kwa sababu nyigu walikuwa wamejenga ndani ya mabomba, vingine kwa sababu ya vidole vyangu, na kimoja kwa sababu mama mmoja wa Kilwa Masoko alikuwa akiimba huku anapepeta mchele. Kwa hiyo naandika habari zenyewe. Vyeo na mishahara naviruka. Mpiga kinanda hana cheo cha kupandishwa, na mshahara nilikuwa naupata shuleni kwa kufundisha hesabu.

Nilizaliwa juu kwenye uwanda wa Makonde, nikateremka Lindi kwa ajili ya sekondari. Katika kanisa tulilosali kulikuwa na kinanda cha mabomba. Hakikuwa kikubwa: safu mbili za vibao vya mikono, safu moja ya vibao vya miguu, na mabomba ambayo marefu yake yaligusa dari. Wamisionari walikileta kwa vipande kabla sijazaliwa. Aliyejua kukipiga na kukitengeneza alikuwa mmoja tu, Bruda Anselmi, Mmwera wa bara, seremala wa misheni, mtu wa maneno machache na mkasi mfukoni kila saa.

Bruda alinichagua katikati ya wasichana wengi wanaoimba vizuri kuliko mimi. Nilidhani ameona kipaji. Baadaye nilimuuliza, akasema nilikuwa mrefu, miguu yangu ingefika.

Kwa muda mrefu hakuniruhusu kugusa vibao vya mikono. Nilikaa juu ya benchi, mikono nimeikunja kifuani, nikipiga sauti za besi kwa miguu peke yake, nimevaa viatu vya soli nyembamba alivyonishonea mwenyewe. Nilipolalamika alisema, "Mikono yako imeshazoea kusifiwa. Miguu haijawahi kusifiwa na mtu. Itasikia." Nilipokuja kuruhusiwa kutumia mikono, miguu ilikuwa imeshajua njia, na hadi leo sijawahi kuitazama nikipiga. Ninyi mnaoinama kutafuta vibao vya chini, hapo ndipo kosa linapoanzia.

Kinanda cha mabomba ni mnyama anayehitaji pumzi. Nyuma ya ukuta, katika chumba kidogo kando ya sakristia anapovalia padri, kulikuwa na mivukuto miwili mikubwa ya ngozi ya mbuzi, na mpini wa mbao wa kuipandisha na kuishusha. Mpini huo aliushika Bakari. Alikuwa mtu wa Kinjumbi, mtunza bustani wa parokia, ananizidi kama miaka kumi. Vijana Wakatoliki waliopewa kazi ile kabla yake hawakudumu, maana kila mmoja alitaka Jumapili akae mbele aonekane. Bakari alikuwa Mwislamu, Jumapili hakuwa na pa kukaa. Alimwendea shehe wake kuuliza kama kuna ubaya. Shehe akamuuliza kama analazimishwa kusali. Akasema hapana, anapandisha mpini na kuushusha. Shehe akamwambia basi apandishe na kushusha.

Upande wake kulikuwa na kipande kidogo cha madini ya risasi kinachoning'inia kwenye uzi. Hewa ikijaa kinashuka, hewa ikipungua kinapanda, na ukutani kulikuwa na alama ya mkaa ambayo hakikutakiwa kuipita. Upande wangu kulikuwa na kamba ya kuvuta, nayo inagonga kengele chumbani kwake: mara moja aanze, mara mbili aache. Jumapili yangu ya kwanza kupiga misa nzima, Bruda alikaa bila hofu kwenye benchi la nyuma. Padri akaingia, watu wakasimama, nikabonyeza kwa nguvu zangu zote. Kimya. Nikabonyeza tena. Kwaya ikanigeukia. Nilikuwa nimesahau kengele. Nyuma ya ukuta Bakari alikuwa amekaa juu ya ndoo anamenya chungwa, anashangaa mbona leo wamechelewa. Baada ya misa alinisalimia kwa heshima, akaniambia nikisahau tena nikohoe, masikio yake ni mazuri.

Kuanzia siku ile aliniita Mwalimu, ingawa nilikuwa bado mwanafunzi, nami nilimpa shikamoo yake kila asubuhi ya kazi. Hatukuonana tukiwa kazini hata mara moja. Ukuta ulikuwa katikati yetu.

Kuhusu ufundi nitasema mambo machache. Hewa ya pwani inakula kila kilicho na chuma, kwa hiyo skrubu zetu tulizipaka nta ya mshumaa. Panya hupenda ngozi ya mivukuto. Dawa tuliyoiona inafanya kazi ni paka. Nyigu hujenga kwa udongo ndani ya mabomba madogo, na bomba lililojengewa halipigi kelele mbaya, linanyamaza tu, hivyo unaweza kukaa mwezi mzima hujui kwamba umepoteza sauti. Usichokoe kwa waya. Utakwaruza mdomo wa bomba nalo halitaimba tena kama mwanzo. Lichomoe, lilowanishe kwa maji, usubiri, kisha tumia unyoya wa kuku. Bruda alikuwa na unyoya mmoja wa jogoo aliouthamini kuliko saa yake.

Wazo la maonesho lilikuwa la Bruda. Alisema si haki kinanda kusikilizwa watu wakiwa wanatafuta sadaka mifukoni. Akachagua Jumapili moja alasiri, kiangazi, akaniambia niandae vipande vya saa moja, bila misa na bila kwaya. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kufundisha. Watu walikuja wengi, wakachovya maji ya baraka, wakapiga magoti, wakasubiri padri. Hakuja. Nilipomaliza kipande cha kwanza hakuna aliyejua afanye nini, mpaka mzee mmoja akasema "Amina" kwa sauti, wote wakaitikia. Tulipata Amina sita alasiri ile. Makofi yalikuja miaka ya mbele, na nakiri Amina zilinipendeza zaidi.

Kwenye onesho lile nilianza na fuga ya mtunzi wa Kijerumani wa zamani, ile ambayo sauti moja inaingia peke yake, ya pili inaifuata, kisha ya tatu na ya nne, kama watu wa nyumba moja wanaoamka mmoja mmoja. Kwa kuwa nyigu walikuwa wamechukua sauti za juu kabisa, nilichagua iliyokaa katikati. Nikaweka ngoma ya Kifaransa ya taratibu na vipande vingine vifupi, kisha nikafunga kwa kipande cha kelele nyingi kilichotumia mabomba yote. Nyuma ya ukuta Bakari alikuwa na hesabu yake. Alivipanga vipande kwa pumzi. Kile cha mwisho alikiita "mla watu". Nikitaka kukiweka kwenye onesho nilimwambia wiki moja kabla, naye alikuwa akila vizuri siku hiyo.

Baada ya Bruda kuzeeka na kurudi kwao bara, kazi yote ikawa yangu, kupiga na kutengeneza. Kila kiangazi nilitoa onesho Lindi. Kisha nikaanza kusafiri na kinanda kidogo cha kukanyaga, kile chenye mivukuto ya miguu ndani yake, ambacho mpigaji anajipa pumzi mwenyewe. Nilikipeleka Mingoyo, nikakipeleka bara, na mahali pengi nilipofika watu walikuwa hawajawahi kuketi kusikiliza kinanda tu. Nilijifunza kutopiga kipande chochote kisichoweza kuvumilia jogoo anayewika dirishani.

Ndipo likaja jambo la Kilwa Masoko.

Huko alikuwako mwalimu mwenzangu, Zuhura, tuliyekutana kwenye semina ya hesabu. Alitaka watu wa kwao wasikie kinanda, akapata ukumbi wa shule. Tulipakia kinanda kwenye lori, tukafika salama mchana. Wakati wa kukishusha, lori lilikuwa limeegeshwa penye mteremko, likasogea kidogo tu, kinanda kikateleza kikaja upande wangu. Nilinyoosha mkono wa kulia kukizuia. Mkono ukabaki kati ya kinanda na bodi la lori.

Zuhura ndiye aliyenipeleka hospitali, amenishikilia kiunoni juu ya bodaboda huku akiniambia nisiutazame. Nilitazama. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vilikuwa vimesagika. Daktari alifanya alichoweza, na nafikiri alifanya vizuri. Vidole vilibaki mkononi. Lakini viliganda vimekunjwa, havikunyooka tena. Onesho halikuwepo. Watu walioleta viti walivirudisha.

Nilirudi Lindi nikamwambia padri atafute mtu mwingine. Kijana mmoja akaleta kinanda cha umeme, kile chenye midundo ndani yake, na misa ziliendelea bila shida yoyote. Hilo nalo liliniuma. Nilifundisha shuleni, nikaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, nikirudi nyumbani nilifunga mlango. Mume wangu alikuwa mvumilivu. Aliacha hata kupiga mluzi ndani ya nyumba.

Alasiri moja Bakari alikuja na mkewe, Bi Somoe, wameniletea mihogo ya kwao. Alikaa muda mrefu akizungumzia mvua. Kisha akaniambia alikuwa akiendelea kwenda kwenye kile chumba. Ngozi za mivukuto zisipotumika hukakamaa na kupasuka, Bruda alikuwa ametufundisha sote wawili, kwa hiyo kila baada ya siku chache alikuwa akifungua chumba, anapandisha mpini na kuushusha, peke yake, kinanda kikiwa kimya.

"Sasa nina ombi, Mwalimu," alisema. "Njoo ukalie benchi, ubonyeze kibao kimoja tu. Nikivuta bila sauti yoyote najisikia vibaya."

Nilimwambia mkono wangu haufai.

"Sikutaja mkono," alisema.

Nilikwenda kesho yake baada ya vipindi. Nilivuta kamba ya kengele, nikasikia mivukuto inaanza kupumua nyuma ya ukuta, nikaweka mguu wa kushoto juu ya kibao cha chini kuliko vyote. Sauti ya besi ilijaa kanisa tupu. Niliishikilia mpaka nikachoka. Kisha nikaongeza mguu wa kulia. Kisha mkono wa kushoto. Nililia, sikufuta machozi, kwa sababu mkono uliokuwa huru ndio huo mbovu. Bakari hakuacha kuvuta na hakuja kutazama. Nilipogonga kengele mara mbili alitoka, akafunga chumba, akaniaga kama siku nyingine yoyote.

Hivyo ndivyo sehemu ya pili ya orodha yangu ilivyoanza. Nilisafiri bara kumwona Bruda Anselmi. Alikuwa mzee sana, anatembea kwa kushika ukuta. Aliushika mkono wangu akaugeuzageuza kama anavyogeuza kipande cha mbao anachokipima. Hakusema pole. Alisema, "Viko vitatu. Tuvipe kazi ya vitatu." Siku zile nilizokaa kwake tulipitia vipande vyangu kimoja kimoja. Palipokuwa na sauti nne, moja tuliihamishia miguuni. Palipokuwa na mbio za mkono wa kulia, tulikitupa kipande chote, naye alikuwa mwepesi wa kutupa kuliko mimi. Mla watu naye akatupwa. Fuga ya Kijerumani ilibaki, polepole zaidi, na nadhani ikawa bora, maana sasa wasikilizaji walipata nafasi ya kuona nani anaingia mlangoni. Bruda alifariki mwaka uliofuata. Unyoya wake wa jogoo ninao.

Zuhura hakuwa ameniacha. Alinipigia simu mara kwa mara, hakutaja kinanda. Siku nilipomwambia nimeanza tena, aliniambia ukumbi bado upo, na viti.

Safari ya pili nilikwenda na kile kinanda cha kukanyaga, nikakaa kwake siku kadhaa kabla ya onesho. Baadhi ya wazee wa mji walikuwa na wasiwasi kwamba nimeleta ibada kwa mlango wa nyuma, na mmoja alikuja kuniuliza kwa adabu sana kama kutakuwa na sala. Nilimwambia hapana. Akauliza kama kuna maneno. Hapana. Akafikiri, akauliza, "Sasa tutajuaje kama ni huzuni au furaha?" Nilimwambia hata mimi huwa sijui mpaka nifike katikati. Akasema atakuja.

Ni hapo nyumbani kwa Zuhura nilipomsikia mama yake akipepeta mchele uani. Alikuwa akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto, wa Kimatumbi, sauti tano tu zinazozunguka. Nilimwomba aurudie. Aliona haya, akasema huo si wimbo, ni wa kulazia watoto. Sauti tano na vidole vitatu vilipatana. Niliukalia kwenye kinanda siku mbili, nikauwekea besi na sauti ya pili, zote za mkono wa kushoto.

Siku ya onesho ukumbi ulijaa, kina mama upande mmoja na wanaume upande mwingine, wengi wamekuja kumwona yule mwalimu aliyeumia kwao. Niliipiga fuga, sauti ya miguu nikiichukua kwa mkono wa kushoto maana miguu ilikuwa kwenye mivukuto, wakanisikiliza kwa adabu. Nilipofika kwenye wimbo wa kulaza watoto, upande wa kina mama ulianza kutikisika kidogo, kisha mmoja akaanza kuuimba chini kwa chini, na wengine wakamfuata. Sikugeuka. Nilipunguza sauti ya kinanda ili wao wasikike, nikaona niendelee kukanyaga tu. Wimbo ulikuwa wa dakika tatu. Tuliuzungusha mpaka miguu ikaniuma. Yule mzee aliyeniuliza alikuja mwishoni akanipa mkono, ule wa kulia, bila kusita. "Ilikuwa vyote viwili," alisema.

Baada ya hapo nilirudi kwenye benchi langu Lindi, nikapiga miaka mingi. Mazishi, harusi ambazo bwana arusi alichelewa nami nikarudia kipande kimoja mpaka wageni wakakijua, na onesho la kila kiangazi. Nilifikia umri wa kuacha, sikuacha. Watu walidhani ni kwa sababu ya kupenda. Kupenda kulikuwepo, lakini sababu hasa ilikuwa Bakari. Nilijua atakayenifuata atataka kinanda cha umeme, na Bakari, aliyekwisha kuacha bustani kwa uzee, hakuwa na kazi nyingine iliyomtoa nyumbani. Kwa hiyo nilivumilia mgongo.

Kisha parokia ikapata mota ya kupuliza hewa. Mafundi waliifunga kwenye kile chumba, wakauondoa mpini. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Nilikwenda kwa Bakari kumpa habari mwenyewe kabla hajaisikia mitaani, na njia nzima nilikuwa natafuta maneno. Nilimkuta kibarazani. Nilimwambia. Akaanza kucheka, cheko la kweli, mpaka Bi Somoe akatoka ndani kutazama kuna nini.

Bega lake, alisema, lilikuwa likimwuma siku nyingi. Alikuwa hawezi kulala upande wa kulia. Lakini aliona akiacha, mimi sitapata mtu mwingine wa kuvuta, na wataniondolea kinanda.

"Nilikuwa nasubiri uache wewe kwanza, Mwalimu," alisema.

Nilimwambia nami nilikuwa nikimsubiri yeye. Bi Somoe alituangalia wote wawili, akasema hajawahi kuona wazee wajinga kiasi hiki, akaenda kuleta chai.

Tulikubaliana hapo hapo kwamba onesho la kiangazi hicho litakuwa la mwisho. Nilimwomba aje. Alisema atakuja, ila akae wapi. Ndipo nikatambua kwamba mtu huyu, ambaye kila sauti niliyopiga Lindi ilipitia mikononi mwake, alikuwa hajawahi kukisikia kinanda kutoka mbele. Kule nyuma alisikia mbao zinalia, ngozi zinapumua, na kelele za mabomba zimezibwa na ukuta. Nilimwambia atakaa popote anapotaka.

Alikuja na kanzu safi na kofia, Bi Somoe pembeni yake, wakakaa karibu na mlango. Nilipiga fuga, nikapiga wimbo wa Kilwa, na baada ya hapo vipande vingine vya kawaida yangu. Kabla ya cha mwisho niliweka kipande kifupi cha mtunzi wa Kifaransa, cha sauti moja ya filimbi na besi laini chini yake, ambacho huwa nakiweka hapo ili watu wapumzike. Makofi yalikuwa mengi. Kulikuwa na hotuba, ambazo nazo naziruka.

Watu walipokwisha toka, wale wawili walikuwa bado wamekaa. Niliwafuata. Bi Somoe aliniambia kwamba tangu nilipoanza, mikono ya mumewe ilikuwa ikipanda na kushuka magotini yenyewe, kama bado ameshika mpini, mpaka ikabidi amshike kwa nguvu. "Alikuwa hasikii," alisema. "Alikuwa anafanya kazi." Mumewe aliacha karibu na mwisho tu, alisema.

Bakari alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimuuliza ameonaje.

"Kile kidogo, kabla ya cha mwisho," alisema. "Miaka yote nilikuwa nakidharau. Kilikuwa hakinichoshi, nikadhani si kitu." Alifuta uso kwa kiganja. "Kumbe ndicho kizuri kuliko vyote."

Nilimuuliza kama angependa kukisikia tena.

"Kama hujachoka, Mwalimu."

Nilirudi kwenye benchi nikawasha mota, nikakipiga kile kipande kuanzia mwanzo, taratibu kuliko nilivyowahi kukipiga. Nilipomaliza nilitazama nyuma. Alikuwa ameketi, macho yameelekea kwenye mabomba, na mikono yake yote miwili imelala magotini, imetulia.